Utangazaji wa Kandanda na Msikilizaji wa Ruhembe

Utangulizi

Watu wanapozungumzia utamaduni wa taifa hutaja ngoma, mashairi, uchongaji, mavazi na hadithi za wazee. Ni mara chache kandanda kutiwa katika orodha hiyo, na utangazaji wa kandanda hautajwi kabisa. Hata hivyo, kama tukiipima sanaa kwa wingi wa watu inaowakusanya, kwa muda ambao maneno yake hukaa vinywani mwao, na kwa jinsi inavyowafanya watu wa makabila mbalimbali wajione kuwa jamii moja, basi ni sanaa chache za Kiswahili katika karne ya 20 zilizofanya kazi kubwa kuliko ile ya mtangazaji wa mpira wa redioni. Katika makala haya tunakusudia kuihakiki sanaa hiyo, na kuchunguza yaliyoipata tangu vyombo vya habari vilipoacha kuwa huduma ya umma peke yake na kuwa pia biashara yenye ushindani.

Wahenga walisema, "Asiyekuwapo na lake halipo." Utangazaji wa mpira ulikuja kuikanusha methali hiyo. Kazi yake yote ni kumfanya asiyekuwapo awepo. Aliyeketi jukwaani hamhitaji mtangazaji. Anayemhitaji ni yule aliye mbali, asiye na nauli ya kwenda uwanjani wala ruhusa ya kuacha kazi. Kwa hiyo kipimo cha haki cha utangazaji hakipatikani uwanjani wala studioni, bali kule mbali ambako sauti inafika, au haifiki. Ndiyo maana tumechagua kuutazama utangazaji kutoka Ruhembe.

Ruhembe ni kata ya Wilaya ya Kilosa, upande wa kusini wa Mikumi, katika ukanda wa mashamba ya miwa yanayolisha viwanda vya sukari vya Kilombero. Kiwanda kimojawapo cha kampuni hiyo, kilichojengwa katika miaka ya 1970, kinaitwa Ruembe. Wenyeji wa sehemu hizi ni Wavidunda na Wasagara, lakini miwa imewaita watu wengi kutoka mikoa mingine: wakulima wadogo, wakataji miwa wa msimu, mafundi, madereva na wachuuzi. Mahali pa namna hiyo Kiswahili si lugha ya shuleni tu. Ndicho kinachowawezesha watu kupanga kazi, kununua na kuuza, kugombana na kupatana. Na jioni, baada ya panga kuwekwa chini, mazungumzo yanayoweza kumhusisha kila mtu pasipo kumuuliza kabila lake ni mazungumzo ya mpira. Tunachokiuliza ni hiki: mtu huyu wa Ruhembe alipewa nini na redio, amepewa nini na televisheni, na katika kubadilishana huko amepoteza nini?

Sanaa ya Mtangazaji wa Redio

Matangazo ya redio yalianza Dar es Salaam mwaka 1951. Mwaka 1965 Serikali iliunda Radio Tanzania Dar es Salaam, na mwaka huohuo ikaanza ligi ya taifa ya kandanda. Mwaka 1967 lilianzishwa Baraza la Michezo la Taifa, na katika mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa. Huenda hakuna aliyepanga mambo hayo yaandamane, lakini yaliandamana. Redio, ligi na lugha vilikua pamoja, na vilikutana katika kinywa cha mtu mmoja, yaani mtangazaji wa mpira. Kwa upande wa Bara, Radio Tanzania ilibaki kituo pekee cha nchini kwa takriban miaka 30. Mawimbi yake ya masafa mafupi na ya kati yalivuka milima ya Rubeho na Udzungwa bila kuuliza nani amelipa. Aliyekuwa na redio na mawe ya betri alikuwa uwanjani. Na asiyekuwa nayo alikwenda kwa jirani.

Sanaa ya mtangazaji huyo ilikuwa na kanuni zake, ingawa hazikuandikwa. Kanuni ya kwanza ilikuwa kuchora uwanja. Kabla mpira haujaanza, msikilizaji huambiwa timu ipi inalinda lango la kusini na ipi la kaskazini, jua liko wapi, nyasi zina hali gani, majukwaa yamejaa kiasi gani na wachezaji wamevaa rangi gani. Mambo haya si mapambo. Ni ramani. Akisha kuwekewa ramani hiyo, msikilizaji aliyeko chini ya mwembe anaweza kujua kwamba mpira uliorushwa upande wa kulia wa lango la kaskazini una hatari gani, pasipo kuambiwa.

Kanuni ya pili ilikuwa mwendo. Mpira ukiwa katikati ya uwanja sauti hutembea. Ukikaribia eneo la hatari sauti hukimbia, sentensi hukatika, vitenzi huanguka vyote, na yakabaki majina matupu. Hapa pana ufundi unaostahili kuchunguzwa na wanaisimu. Majina matatu yanapotajwa kwa mfululizo, msikilizaji haelewi kwamba ametajiwa watu watatu. Anaelewa kwamba mpira umepita katika miguu mitatu. Jina limefanya kazi ya kitenzi. Katika fasihi yetu simulizi ni majigambo na tenzi za vita zinazokaribia ufundi huo, pale ambapo kutaja mashujaa ndiko kusimulia mapigano yenyewe.

Kanuni ya tatu ilikuwa majina ya sifa. Mashabiki waliyabuni, magazeti yakayaandika, redio ikayasambaza. Sunday Manara wa Yanga aliitwa Kompyuta katika wakati ambapo wananchi wengi mno hawakuwa wameiona kompyuta hata moja. Omari Hussein aliitwa Keegan, na hivyo mchezaji wa Uingereza akageuzwa kuwa sifa ya Mtanzania. Jina la sifa lilimrahisishia msikilizaji kazi: kwa neno moja alimjua mchezaji, namna yake ya kucheza na heshima aliyokuwa nayo mbele ya watu.

Kanuni ya nne, na pengine yenye faida ya kudumu kuliko zote, ilikuwa msamiati. Mchezo wa Waingereza ulitafutiwa maneno katika maisha ya watu wenyewe. Mchezaji anayejificha nyuma ya mabeki akingoja mpira anasemwa kuwa ameotea, kama mwindaji amwoteavyo mnyama; neno la porini likawa kanuni ya uwanjani. Mpira unaopitishwa juu ya kichwa cha adui na kumshukia nyuma huitwa kanzu, maana amevishwa. Unaopitishwa katikati ya miguu yake huitwa tobo. Twaongeza mlinda mlango, kiungo, mwamuzi, chenga, mpira wa adhabu na nyavu kutikisika. Maneno hayo hayakuamriwa na kamati. Yalipendekezwa hewani na vijiweni, yakajaribiwa siku ya Jumamosi, na yaliyofaa yakabaki. Katika sehemu kama Ruhembe, ambako watu walifika kila mmoja na lugha ya mamaye, somo hilo la Kiswahili halikuwa na ada wala mtihani.

Nguvu ya sanaa hii inaonekana katika siku chache ambazo kumbukumbu ya taifa imezishika. Mwaka 1974 Yanga iliifunga Simba mabao 2 kwa 1 katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, baada ya muda wa nyongeza. Mwaka 1977 Simba ilijibu kwa mabao 6 kwa 0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu. Mwezi Agosti 1979, huko Ndola, Peter Tino aliifungia Taifa Stars bao lililoleta sare ya 1 kwa 1 dhidi ya Zambia na kuipeleka Tanzania katika fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980 mjini Lagos. Tanzania Bara haikuwa na televisheni wakati huo. Watanzania waliolishangilia bao la Ndola hawakuliona, walilisikia. Bao lililo mashuhuri kuliko mengine katika historia ya nchi yetu liliingia katika kumbukumbu ya watu kwa njia ya maneno.

Lakini mhakiki hapaswi kuwa mwimbaji wa sifa za zamani. Redio ile ilikuwa na kasoro, na tusizifiche. Msikilizaji hakuwa na njia ya kumsahihisha mtangazaji. Shuti dhaifu liliweza kuwa kombora, na mtangazaji mwenye mapenzi na timu moja aliweza kuinamisha uwanja wote upande aupendao. Sauti ilikuwa moja, ya Serikali, nayo ndiyo iliyochagua lipi litangazwe. Aidha, sehemu kubwa ya matangazo ilitoka Dar es Salaam na ilihusu timu mbili. Hata hivyo, zilikuwapo nafasi ambazo mikoa ilisikika: katika mashindano ya Kombe la Taifa, ambapo timu za mikoa zilikutana, na katika ligi yenyewe. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa taifa, na majina ya vijana wa mkoa huu yakatamkwa nchi nzima. Mtu wa Kilosa aliyoyasikia siku hizo hayakuwa habari za watu wengine.

Hewa Inapokuwa Soko

Mabadiliko yalianza kwa sheria. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu watu binafsi kuanzisha vituo, na mwaka 1994 redio na televisheni za kwanza za binafsi zikaingia hewani Tanzania Bara. Zanzibar ilikwisha kuwa na televisheni yake tangu miaka ya 1970. Baadaye ikaja Televisheni ya Taifa, nayo pamoja na Radio Tanzania zikaunganishwa kuwa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. Watangazaji wenyewe waliufuata mkondo huo, na maisha ya kazi ya baadhi yao ni historia fupi ya mabadiliko tunayoyasema. Charles Hilary, aliyefariki mwaka 2025, alitoka Radio Tanzania akaenda Radio One, kisha katika idhaa za Kiswahili za Ujerumani na Uingereza, halafu Azam. Tido Mhando naye alianzia Radio Tanzania, akaiongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, akaiongoza TBC, na hatimaye Azam Media. Sauti zilizolelewa na chombo cha umma zikawa mtaji wa vyombo vya biashara. Hatusemi hayo kwa kulaumu. Fundi huenda kwenye kazi.

Hatua ya pili ilikuwa ya mitambo. Tarehe 31 Desemba 2012 matangazo ya televisheni ya mfumo wa zamani yalizimwa Dar es Salaam, na sehemu nyingine zikafuata. Tangu hapo televisheni peke yake haitoshi; pana king'amuzi, na king'amuzi kina malipo. Hatua ya tatu ilikuwa ya haki za matangazo. Mwaka 2013 Azam Media ilipata mkataba wa kuonyesha ligi kuu, na Yanga ikaupinga kwa hoja kwamba mmiliki wa kamera alikuwa pia mmiliki wa timu ya Azam inayoshindana katika ligi hiyohiyo. Mwaka 2021 kampuni hiyo na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania zilitia saini mkataba mpya wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, yaani wastani wa zaidi ya bilioni 22 kwa mwaka.

Jambo hili halikuzuka kwetu. Uingereza ililianza mwaka 1992, ligi yao kuu ilipoziuza haki zake kwa televisheni ya malipo, na ulimwengu ukafuata. Wala faida yake si ndogo. Timu zisizo na wafadhili wakubwa zimepata fungu la kuendeshea mambo yao. Kamera zimefika Kaitaba kule Bukoba, Sokoine kule Mbeya na Manungu kule Turiani, viwanja ambavyo watu wa mikoa mingine walivijua kwa majina tu. Mwamuzi akikosea, nchi nzima inaona. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, na mwaka 2025 Simba nayo ikafika. Hatudai kwamba fedha za matangazo peke yake ndizo zilizofanya hayo, lakini anayesema hazikusaidia atakuwa anasema kwa ushabiki.

Picha na Neno

Baada ya kukiri faida hizo, na tuulize swali la mhakiki: sanaa yenyewe imekuwaje?

Mtangazaji wa televisheni ana tatizo ambalo mwenzake wa redio hakuwa nalo. Mtazamaji anaona. Kumwambia kwamba mpira umekwenda upande wa kushoto ni kumwambia analolijua. Kwa hiyo mtangazaji amebakiwa na njia mbili za heshima: kunyamaza na kuiacha picha iseme, au kuongeza lile lisiloonekana, kama vile sababu, historia na nia ya mchezaji. Wapo watangazaji wetu wa televisheni wanaoijua njia ya pili vizuri, wanaotangaza kwa Kiswahili cha kupendeza chenye methali na tashibihi, na wanastahili kusifiwa. Lakini njia inayotumika zaidi ni ya tatu, nayo ni kujaza. Muda unajazwa kwa takwimu zisizo na mahali, kwa mizaha na mchambuzi aliyeketi pembeni, na kwa majina ya wadhamini. Mpira unaendelea chini, na mazungumzo yanaendelea juu yake, kama watu wawili wanaoongea msibani.

Redio nayo imebadilika, na badiliko lake ndilo linalomgusa zaidi mtu wa Ruhembe. Kumpeleka mtangazaji Bukoba au Mbeya kuna gharama. Kuwakusanya watu watatu studioni ni rahisi. Basi redio nyingi zimehama kutoka katika kutangaza mpira na kuhamia katika kuuzungumza. Asubuhi na jioni vipindi vya uchambuzi vinafuatana, na vina wasikilizaji wengi. Vina manufaa yake pia, kwa maana vimemzoeza mwananchi kudai hesabu kwa viongozi wa timu na kuzijadili kanuni. Lakini tukivipima kama sanaa, ni kitu kingine kabisa. Utangazaji ulimpeleka msikilizaji uwanjani. Uchambuzi unamwambia yaliyosemwa na waliokuwako. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: mchambuzi aliyezoea kushangiliwa hurefusha mabishano kuliko hoja.

Lugha imeathirika pia. Hatuna ugomvi na maneno ya kukopa yaliyokwisha kupata uraia, kama penalti, kona, refa na krosi. Kiswahili kimekopa tangu kale, na hakikupungua kwa kukopa. Wala hatusemi kwamba ubunifu umekwisha: kiungo mkabaji, beki wa kati na umiliki wa mpira ni maneno yanayoeleweka mara moja, na tunawapongeza walioyaeneza. Ugomvi wetu ni na ile desturi ya kuanza sentensi kwa Kiswahili na kuimaliza kwa Kiingereza hasa pale ambapo hoja inakuwa ngumu, ili msikilizaji aone kwamba elimu iko upande wa pili wa ukuta. Waliotafuta neno kuotea walikuwa na jambo gumu vilevile la kueleza. Tofauti ni kwamba wao walimwazia yule aliyekuwa akiwasikiliza. Fauka ya hayo, kampuni za televisheni za malipo zenyewe zimeona faida ya kutangaza mechi za Ulaya kwa Kiswahili. Biashara imetambua kwamba lugha hii ina soko, ilhali baadhi ya wenyewe wanaionea haya.

Nani Anaingia Uwanjani?

Karibu na Ruhembe, katika mto Ruaha Mkuu, liko bwawa la Kidatu, ambalo tangu mwaka 1975 limekuwa likizalisha umeme wa taifa. Kwa miaka mingi umeme huo ulipita juu ya vijiji vya jirani ukienda mijini. Twaukumbusha mfano huo kwa sababu haki za matangazo zina hatari ya kufuata njia ileile: kitu cha taifa kinapita juu ya vichwa vya watu kikielekea kwa wenye kulipa.

Watu wa vijijini hawakukaa bure. Waliunda chombo chao wenyewe, nacho ni kibanda umiza. Mtu mmoja hununua king'amuzi na kulipia kifurushi, huweka mabenchi chini ya mabati au turubai, na kila anayeingia hutoa kiingilio kidogo. Jina lenyewe ni uhakiki tosha: mahali panapokuumiza kwa joto, kubanana na ubao mgumu, na bado unakwenda. Tunalisifu jambo moja katika vibanda hivyo. Vimerudisha ule mkusanyiko uliokuwapo chini ya redio ya jirani. Watu hushangilia pamoja, hubishana na mtangazaji, na wengine humshinda kwa ufasaha. Lakini zamani jirani hakutoza. Na kibanda ni mahali pa vijana wa kiume zaidi. Mama na watoto waliosikiliza redio nyumbani hawakuhamia nao. Kuna kundi zima la wasikilizaji lililotoka uwanjani kimyakimya siku mpira ulipohamia kwenye kadi.

Saa pia zimehama. Mechi iliyokuwa ikianza saa 10 jioni sasa huweza kuanza saa 1 usiku au baadaye, kwa kuwa ndipo watazamaji wa mjini wamefika nyumbani. Kwa mkata miwa anayeamka kabla ya alfajiri, saa ya mpira si tena saa ya kupumzika kwake.

Halafu kuna kamari. Makampuni ya ubashiri yamekuwa miongoni mwa walipaji wakubwa wa vipindi vya michezo, na matangazo yao yamechanganyika na habari zenyewe hata ikawa vigumu kuvitenga. Kijana anaposikiliza habari za timu husikia papo hapo uwezekano wa kushinda fedha. Zamani watu waliuliza nani kafunga. Sasa wengine huuliza kama mkeka umechanika. Hili si suala la maadili tu. Mtu aliyeweka fedha hatazami mchezo, anatazama matokeo. Na sanaa yoyote itazamwayo kwa matokeo yake tu hufa kama sanaa. Tunaamini kwamba mtangazaji anayegeuzwa kuwa wakala wa ubashiri anamdhulumu msikilizaji anayepokea ujira wake kwa msimu.

Mchezo Usiotajwa

Hata hivyo, hasara kubwa kuliko zote si ile ya kutouona mpira wa wakubwa. Ni kwamba mpira wa Ruhembe wenyewe hautajwi.

Ukanda wa miwa si maskini wa kandanda. Mtibwa Sugar, timu ya shamba la miwa la Turiani katika mkoa huuhuu wa Morogoro, ilitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1999 na tena mwaka 2000, ikiziacha nyuma Simba na Yanga. Timu hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Ilitoka katika desturi ya mashamba na viwanda, ambako wafanyakazi hucheza baada ya kazi, vijiji hushindania mbuzi, na shule hupeleka watoto katika UMITASHUMTA na UMISSETA. Mechi hizo zinaendelea hadi leo, na watu wanajaa pembeni mwa uwanja. Na kila aliyezizoea mechi za vijijini amekwisha kumsikia kijana mwenye kipaza sauti, asiyelipwa na mtu, anayetangaza kwa mwendo uleule tuliousifu: majina matatu mfululizo, na umati unapiga kelele kabla mpira haujafika. Kanuni alizozirithi hajui zilikotoka. Sanaa haijafa, imekosa mawimbi.

Dar es Salaam wameonyesha kwamba mchezo wa mtaani ukitangazwa huthaminiwa. Mashindano ya Ndondo, yaliyoanzishwa katika miaka ya 2010 na chombo cha habari, yaliwatoa vijana wa vichochoroni na kuwafanya watajike. Lakini hilo limefanyika mahali palipo na wanunuzi wa matangazo. Soko halitakwenda Ruhembe kwa hiari yake, kwa kuwa soko huhesabu wenye fedha, na taifa huhesabu watu.

Athari yake kwa kijana ni nzito. Anazijua timu za London na Madrid, anajua mshahara wa mchezaji ambaye hatamwona maisha yake yote, na anaweza kueleza uhamisho wake kwa tarakimu. Lakini yeye mwenyewe akifunga bao zuri Jumapili, halina mahali pa kukaa ila katika vichwa vya waliokuwapo. Polepole anajifunza kwamba mambo yanayotajwa ndiyo yenye thamani, na kwamba yanayotajwa yako mbali. Hayo ndiyo mafunzo ya utamaduni yanayotolewa kila siku, wala hayako katika mtaala wowote.

Hitimisho

Hatupendekezi kurudi nyuma. Hakuna atakayeizima picha, wala hakuna sababu ya kuizima. Tunapendekeza mambo matatu yanayowezekana.

La kwanza ni la sheria. Uingereza, ambayo ndiyo iliyouanzisha mfano wa kuuza ligi, ina orodha ya mashindano makubwa ambayo haki zake lazima zifike katika televisheni isiyo ya malipo, na orodha hiyo iliwekewa masharti katika sheria ya mwaka 1996. India ilitunga sheria mwaka 2007 inayomlazimu mwenye haki za mechi zenye umuhimu wa kitaifa kushiriki matangazo yake na shirika la utangazaji la umma. Nchi yetu ingefaa kuwa na orodha yake: mechi za Taifa Stars na Twiga Stars, na fainali ambazo timu zetu zinacheza kwa ajili ya Afrika nzima kuona. Aliyenunua haki asinyimwe faida yake; lakini bao la taifa lisiwe na kufuli.

La pili ni la hifadhi. Kanda za matangazo ya mpira ya Radio Tanzania ni maandishi ya fasihi simulizi ya karne iliyopita. Kila moja iliyopona inastahili kunakiliwa, kuandikwa na kufundishwa, na taasisi zetu za Kiswahili zisione aibu kumweka mtangazaji wa mpira karibu na malenga. Wanafunzi wa uandishi wa habari wangezisikiliza, wangejifunza kwamba ufasaha si wingi wa maneno.

La tatu ni la karibu zaidi, na halihitaji mabilioni. Kilosa ina redio ya jamii, na Ifakara vilevile. Saa chache kila mwisho wa wiki zitengwe kwa mechi za kata: za miguu, za pete, za shule. Kijana mwenye kipaza sauti apewe mawimbi, na afundishwe kuchora uwanja kwa ajili ya bibi kizee aliyeko nyumbani na mkata miwa aliyeko kambini. Msamiati utazaliwa, kama ulivyozaliwa zamani, na wenye vipaji watajulikana kabla hawajazeeka.

Wahenga walisema tena, "Mcheza kwao hutunzwa." Lakini ili atunzwe, sharti kwanza kwao wajue kwamba amecheza. Utangazaji uliwahi kuwafanya watu wa Ruhembe wawepo Nyamagana na Ndola. Deni lililobaki ni kuifanya Tanzania iwepo Ruhembe, hata kama ni kwa dakika 90 tu, jioni ya Jumapili.